Kifuniko cha Pikipiki ya Mkwe Wangu

Barua hii ilivuka mpaka wa Busia mwaka 1977 ndani ya kikapu cha mama mmoja muuza dagaa, na jibu langu likarudi Tororo kwa kikapu hichohicho. Kuichapa wakati ule kungekuwa sawa na kumshika mwandishi mkono na kumpeleka mimi mwenyewe kambini kwa wanajeshi. Sasa utawala ule wa kijeshi wa Uganda umeondoka, na mwandishi ameniruhusu kuitoa gazetini, mradi nibadilishe majina na kuyaacha mengine yote yalivyo. Nimefanya hivyo.

*

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako katika jambo ambalo huenda likakuchekesha mwanzoni, kwa kuwa linaanza na kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba, nami nimejizuia kuandika kwa majuma kadhaa nikijiambia kwamba mtu aliyesomea kemia chuo kikuu hapaswi kumsumbua mshauri wa gazeti kwa habari za pikipiki, lakini kila nikikaa mezani na kile kipande mbele yangu naona kwamba swali lililomo ndani yake si la kemia, au si la kemia peke yake, na kwamba mimi mwenyewe sina tena hakika na hitimisho lolote ninalolifikia.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya wasichana hapa Tororo. Nilizaliwa upande wenu, Usamia wa Kenya, ndiyo maana nakuandikia Kiswahili bila ule woga walio nao wenzangu wengi, maana huku lugha hii siku hizi husikika zaidi midomoni mwa watu wenye bunduki. Sikujaliwa kuzaa, ila dada yangu alipofariki nilimchukua binti yake, Kevina, angali ananyonya, nikamlea, nikamsomesha, na kwa mila yetu hakuna anayeniita mama mdogo wake: mimi ni mama yake, basi. Kevina amekua, ni mkunga msaidizi katika zahanati moja upande wa Lumino, na ameolewa na Mangeni, bwana shamba wa pamba, kijana mpole mwenye miguu mirefu, ambaye idara yake imempa pikipiki ya Kijapani ya kuzungukia wakulima.

Mangeni basi ni mkwe wangu, na kama una asili ya huko magharibi mwa Kenya hutahitaji nikueleze maana yake. Hatupeani mkono, hatuketi chumba kimoja, hatuli chungu kimoja. Akija Jumamosi husimamisha pikipiki nyuma ya jiko, nami huwa nimekwisha kuingia ndani. Akiondoka nageuza uso ukutani mpaka mlio wa injini upotee, kwa maana si heshima mama mkwe kumtazama mkwewe akipanda na kujipanua juu ya kiti. Najua wako wasomi wa rika langu walioyaacha haya, nami niliwahi kuyatolea hotuba bwenini nikiwa mwanafunzi, lakini nilipokuwa mama mkwe mwenyewe nikagundua kwamba heshima ile ina utulivu fulani ndani yake, au labda nilikuwa nimechoka tu kubishana. Sijui.

Sasa nije kwenye plastiki. Pikipiki ile ina vifuniko viwili vya ubavuni, mafundi huviita kava, kimoja kila upande chini ya kiti, na kila kifuniko kwa ndani kina vishikizo vitatu vidogo vinavyosukumwa ndani ya vipira vilivyopachikwa kwenye fremu, hivi kwamba mtu hukibandua kwa kukivuta na kukirudisha kwa kukisukuma, bila skrubu. Kishikizo kimoja kikikatika, kifuniko kinaanza kugonga-gonga. Viwili vikikatika, kinaanguka njiani. Tangu wenye maduka ya spea walipofukuzwa nchini, kifuniko kipya ni ndoto. Fundi mmoja wa mjini alijaribu kukiunga kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, akaacha kovu jeusi lililovunjika kabla hawajafika Kisoko. Solusheni ya kuzibia pancha ikashika muda mfupi tu, ikabanduka kama ganda la kidonda.

Kevina akaniletea. Alikuwa amekizungushia bandeji nyeupe kama mtoto mchanga, akaniambia, "Mama, wewe si ndiye daktari wa vitu?" Nikakitazama, udadisi wangu ukaamka. Nilichukua vipande vya plastiki ya namna ileile, nikaviloweka katika asetoni ya maabara mpaka vikawa uji mzito, nikapaka pande zote mbili za mvunjiko, nikazibana kwa vibanio vya nguo, kwa kuwa kiungo cha namna hii hakitaki kutikiswa hata kidogo mpaka kishike, kisha nikakata ukanda wa bandeji yake, nikauloweka katika uji uleule na kuulaza kwa ndani, uwe kama mfupa. Kesho yake nilikigonga kwa kalamu, kikalia kama kitu kizima. Nakiri kwamba nilifurahi kuliko kazi ile ilivyostahili.

Jumamosi waliyokuja kukichukua nilikuwa jikoni, mkwe wangu akiwa nje, ukuta kati yetu, na Kevina amesimama mlangoni anakula ndizi.

"Kevina," akasema mkwe, kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta, "kuna mtu anauliza kama ile kitu imepona."

"Mwambie huyo mtu imepona," nikaliambia sufuria langu, "lakini asiivute kama anayeng'oa jino."

"Mwambie mama, huyo mtu hata hagusi hiyo kitu. Yeye anaendesha tu."

Kevina akacheka mpaka ndizi ikampalia. "Haya, mmesikiana. Mimi nimekuwa redio ya nani hapa?" Kisha akainama kando ya sikio langu akasema, "Lakini mama, siku nyingine usiifanye ngumu sana. Iwe inatoka kwa kidole kimoja."

Nilitabasamu. Nilidhani yamekwisha.

Kikarudi. Nikakiunga. Kikarudi tena, na tena, daima kifuniko cha kushoto, daima kishikizo kilekile cha nyuma, na hapo ndipo udadisi wangu ulipoacha kuwa wa furaha. Kifuniko cha kulia, ambacho hupita matope yaleyale na mashimo yaleyale, hakijawahi kuletwa kwangu. Nikaanza kuusoma mvunjiko wenyewe. Plastiki ya namna hii, Mshauri, huwa nyeupe pale ilipopindwa kabla ya kukatika, kama ngozi inavyopauka ukiikunja, na ule weupe hukuonyesha nguvu ilitoka wapi. Mtu aliyechuchumaa kando ya pikipiki akivuta kifuniko, nguvu yake hutoka chini na huja moja kwa moja. Weupe huu hauko hivyo. Unaonyesha kwamba kifuniko kimevutwa kutoka juu na kutoka nyuma, na mtu aliyekuwa juu ya kiti, mara nyingi, kwa haraka. Nimejaribu kupiga picha kichwani ya dereva akijipinda kiuno hadi nyuma yake mwenyewe na kuvuta kitu kilicho chini ya paja lake, na picha haikai sawa, lakini sina nyingine ya kuweka mahali pake.

Nikatazama na ndani. Kwa nje kifuniko huja na vumbi na mafuta kama kifuniko chochote, kwa ndani kimepanguswa safi. Mara ya mwisho, hata hivyo, mpangusaji aliiacha kona moja, na kwenye kona ile palikuwa na unga mweupe kidogo sana. Nilifanya jambo nililowakataza wanafunzi wangu miaka yote: niliuonja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa mchungu. Mchungu kwa namna ambayo mtoto yeyote wa huku aliyewahi kushikwa pua na kumezeshwa dawa ya malaria anaijua. Huenda ni klorokwini. Huenda ni kitu kingine kichungu. Ulimi si chombo cha maabara.

Nikajiambia basi mkwe wangu anavusha vidonge. Lakini kuelekea wapi? Hospitali zetu huku hazina dawa, watu wanalala chini wakitetemeka, na ng'ambo ya mpaka vidonge hivyo viko madukani, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba yule kijana mpole anahatarisha shingo yake kwa ajili ya wagonjwa ambao hata hawamjui. Nasikia pia kwamba dawa chache za msaada zinazotufikia huchukuliwa usiku na mchana na kwenda kuuzwa kwenu, na katika hali hiyo mume wa binti yangu ananyonya damu ya majirani zake. Unga hauna mguu wa kunionyesha ulikuwa unaelekea wapi. Hata "hagusi hiyo kitu" yake imeanza kunisumbua, kwa sababu kama ni mtu mwema, kwa nini alinidanganya kupitia ukuta?

Ningeweza kuendelea kushangaa hivi mpaka uzeeni, kama si habari aliyonisimulia Kevina Jumamosi iliyopita, akicheka na kuigiza sauti zote. Walisimamishwa kwenye kizuizi kati ya Busia na Lumino. Askari mmoja akaizunguka pikipiki, akagonga kifuniko cha kushoto kwa mtutu wa bunduki.

"Hii kitu nalia nini?"

"Ilivunjika, afande," mkwe akasema. "Spea hakuna."

"Spea hakuna!" askari akawaambia wenzake. "Nchi mzima spea hakuna! Hata mimi goti yangu nalia, spea hakuna!" Wakacheka wote. Akakishika kifuniko kwa mkono, akakitikisa, akakitikisa tena. Kisha akawaambia, "Haya, ambaa."

Kevina alikuwa bado anacheka aliponiambia, "Mama, uji wako ulishika! Ungeachia pale..." Akatazama mikono yake. Kisha akauliza kama chai ipo.

Hakuniambia kama siku ile walikuwa wanakwenda Busia au wanarudi, nami sikuuliza. Niliinuka nikaweka maji motoni.

Kishikizo kilikatika wakiwa njiani kuja kwangu Jumamosi hiyohiyo, na kifuniko kiko hapa mezani ninapoandika, ndani ya bandeji yake. Watakuja kukichukua. Nikikiunga kwa nguvu, mimi ni mshiriki wa jambo nisilolijua. Nikikiunga vibaya, kitaachia mkononi mwa askari. Nikikataa, watakifunga kwa waya au kwa ukanda wa mpira, na waya ni kama bango linalosema "tazama hapa". Mkwe siwezi kumuuliza. Hilo mila imelifunga. Isitoshe nimefikiri, na nadhani kuna busara ndani yake ingawa siiamini kikamilifu, kwamba katika nchi kama hii ilivyo sasa kutojua ni aina ya kinga: wakija kuniuliza, nisichokijua sitakisema. Labda hiyo ni hekima. Labda ni woga uliovaa joho la mahafali.

Niambie, Mshauri, nikiunge au nisikiunge?

Mama Mwenye Maabara,
Tororo

*

Mama Mwenye Maabara,

Pole. Ninasema pole kwanza, na ninaisema kwa moyo, kwa sababu kukaa na kitu kile mezani na kutojua kama unamwokoa mwanao au unamzika si mzigo mdogo. Nikishasema pole, niruhusu nikukemee.

Wewe unaisoma plastiki kuliko unavyowasoma watu wa nyumba yako. Kemia yako sina ubishi nayo. Weupe ule umekuambia kweli tupu: kifuniko kimevutwa na mtu aliyekuwa juu ya kiti, nguvu ikitoka juu na nyuma. Ukaona mwenyewe kwamba dereva hawezi kujipinda hivyo. Mwanafunzi wako angekuletea jibu kama hilo ungemwambia nini? Ungemwambia kwamba picha isipokaa sawa, tafuta kilichokosekana. Kilichokosekana ni abiria.

Mimi nimebebwa kwenye pikipiki miaka mingi, nikiwa nimevaa gauni, kama wanawake wote wa huku wanavyobebwa: upande upande, miguu yote miwili kushoto. Ukikaa hivyo, kifuniko cha kushoto kiko hapo hapo nyuma ya mashavu ya miguu yako. Unateremsha mkono wako, gauni likiufunika, unashika ukingo wa nyuma wa kifuniko, unavuta. Kishikizo gani kitaumia? Kilekile cha nyuma. Kifuniko cha kulia hutakigusa hata ungetaka.

Hukuliona hili kwa sababu hujawahi kukaa juu ya pikipiki ile, na haifai ukae. Hujawahi hata kumtazama mtu akikaa juu yake, maana wakija umeingia ndani na wakiondoka umegeukia ukuta. Nakuheshimu kwa hilo. Lakini umetazama ukuta kila Jumamosi huku mwanao akipanda pikipiki nyuma ya mgongo wako, kisha ukaketi kumshitaki mkwe.

Hebu rudia barua yako mwenyewe. Nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi. Mkwe alikuambia kwamba hagusi kitu kile, kwamba anaendesha tu. Ukamwita mwongo. Alikuambia ukweli uliokamilika kuliko ukweli wowote niliousikia mwezi huu, na mkewe akacheka mpaka chakula kikampalia, nawe ukadhani anacheka mzaha tu. Kisha nani aliyekuomba kishikizo kitoke kwa kidole kimoja? Hakusema "Mangeni anaomba." Aliinama sikioni kwako, mume asisikie, akaomba mwenyewe. Nani anayekileta kimezungushiwa bandeji? Nani anayekipangusa ndani? Na mtu huyo, unasema, ni mkunga katika zahanati. Umempa mkweo kurasa tatu, na kazi ya mwanao ukaipa nusu sentensi.

Nitakuambia ninachoshuku, nawe unisamehe kama nimekosea, kwa maana niko mbali na nina karatasi tu. Nashuku kwamba ulikwisha kuona. Siku Kevina alipokatisha maneno yake na kutazama mikono, uliona. Uliinuka ukaweka maji motoni, na tangu hapo umekuwa ukitafuta mtu mwingine wa kulisema ili lisitoke kinywani mwako. Haya, nimelisema mimi. Umepumua? Sasa tuendelee.

Kuhusu kinga yako ya kutojua. Kwa jirani, kwa mwalimu mwenzako, kwa mama wa kikapu aliyeleta barua hii, ni kinga kweli, na uwaachie iwafae. Kwako imekwisha kazi yake. Umeuonja unga. Umeupima weupe. Unajua nusu, na mtu anayejua nusu yuko pabaya kuliko wote, kwa sababu akiulizwa huonekana anaficha nusu ya pili, na hana hata kitu cha kuificha. Tena kuna hili: kutojua kwako hakumlindi Kevina. Yule msichana anakaa juu ya jambo zito akiwa peke yake na mume mmoja, anakuletea kifuniko kikiwa kimevunjika Jumamosi baada ya Jumamosi, na mara moja alifungua mdomo akusimulie. Ukampa chai. Unadhani alikuwa anakuletea plastiki tu?

Umejificha nyuma ya ukwe. Ukwe umekufungia mlango mmoja, wa kumuuliza Mangeni ana kwa ana. Mlango wa pili haujafungwa na mila yoyote ya Wasamia, wala ya majirani zenu Wajopadhola, wala ya mtu yeyote ninayemfahamu. Mama anaweza kumuuliza binti yake swali. Muulize.

Muulize moja tu: "Siku ile ya kizuizi, mlikuwa mnatoka Busia au mnakwenda Busia?" Usimwonyeshe unga. Usimweleze habari za weupe. Mwalimu ndani yako atataka kuanza na ushahidi, mnyamazishe. Swali hilo moja linabeba yote, na akilijibu utakuwa umejua bila yeye kulazimika kutaja jina la mtu wala la dawa.

Akisema walikuwa wanatoka Busia, basi vidonge vinaingia, vinakwenda kwa wagonjwa wa Lumino, na mwanao ni mtu jasiri na mjinga kidogo, na kazi yako ni kumpunguzia ujinga. Unga kishikizo. Badili na kile kipira cha kwenye fremu, maana nina hakika kimekauka kikawa kigumu kama kokoto, ndiyo sababu kishikizo kinaumizwa kila kinapotoka; kata kingine kutoka mpira laini wa ndani wa baiskeli. Lipake kovu lako mafuta na vumbi, lisionekane jipya. Kifuniko cha kulia nacho ukilegeze kidogo kilie kama mwenzake, kwa sababu kitu kinachogonga upande mmoja tu humwita mtu, na pikipiki inayogonga kote ni pikipiki ya kawaida ya nchi hii. Kisha mwambie asirudie tena mbele ya mtu yeyote kichekesho cha goti la askari, hata kama anaigiza vizuri. Na umwambie kwamba wewe umeshajua, kwamba yuko na mtu wa tatu sasa. Hilo litamfaa kuliko asetoni.

Akisema walikuwa wanakwenda Busia, usikiunge. Wala usimwendee mtu yeyote kumshitaki, unajua wanakofikishwa watu. Kiweke kifuniko sandukuni mwako, na umwambie kwa mdomo wako, bila kupaza sauti, kwamba vidonge vile vina wenyewe, na wenyewe ni wale wanawake anaowapokelea watoto kwa mikono ileile. Usimwachie mumewe amwambie. Usimwachie padri. Umemnyonyesha chupa wewe, umwambie wewe. Mangeni aendeshe pikipiki ikiwa ubavu wazi, isiyo na kitu cha kufichwa, na askari wachungulie watakavyo.

Na akikataa kujibu? Basi kataa nawe kumpa kifuniko mpaka ajibu. Atakasirika. Atasema wewe si mama yake, na hilo litakuchoma kuliko yote. Vumilia. Mtoto anayesema hivyo huwa anauliza kama ni kweli.

Mkweo anakudai neno. Si lazima umwambie usoni. Akija Jumamosi, simama upande wako wa ukuta na uliambie sufuria kwa sauti ya kutosha kwamba kuna mtu alimdhania mtu mwingine vibaya, na kwamba amejirudi. Atasikia. Ninyi wawili mna redio nzuri.

Limebaki moja, nalo umeniandikia mwenyewe bila kulijali. Ulisema kiungo kile hakitaki kutikiswa hata kidogo mpaka kishike, na kwamba wewe unakibana kwa vibanio na kwenda zako. Wakija, mwache Mangeni nje nyuma ya jiko. Mwite Kevina mezani. Paka uji wako pande zote mbili, mpe yeye kifuniko ashike, wewe ushike kishikizo, msukumane pale katikati. Hatakuwa na mkono wa kufunika uso wala wa kutaka chai. Wewe hutakuwa na mkono wa kuweka maji motoni. Hakuna atakayeweza kuachia bila kuiharibu kazi, na huo ni muda unaotosha kabisa kwa swali moja na jibu lake. Kama jibu ni baya, achieni wote wawili, kianguke.

Safari hii vibanio vya nguo viache kambani.

Mshauri wako